Saraka Isiyo na Mpaka

Mkurugenzi alinipa kazi ile kwa mdomo, tumesimama nyuma ya ofisi ya Kayanga karibu na tangi la maji, kwa sababu hakutaka iwepo karatasi hata moja yenye maneno "Nkwenda" na "kuondoka" katika mstari mmoja. Mimi nilikuwa fundi wa mtandao wa shirika, peke yangu kwa wilaya mbili. Shirika letu liliwasaidia wakulima wadogo wa kahawa kupata cheti cha kilimo hai, na ili mkulima akipate ilibidi kibanja chake cha migomba na kahawa kichorwe ramani, majirani wakubali mipaka, kisha yote yaingizwe kwenye kompyuta. Makao makuu yalikuwa Kayanga, Karagwe. Tawi lilikuwa Nkwenda, Kyerwa, na tangu Kyerwa iwe wilaya inayojitegemea, watu wa tawi walikuwa wakinong'ona kwamba shirika nalo ligawanywe.

"Upange ule mtandao wa Nkwenda," mkurugenzi alisema. "Wakibaki, wabaki vizuri. Na kama..."

Akafungua bomba la tangi, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hivyo aibu yangu haitaeleweka. Mtandao wa ofisi una kitu kinaitwa saraka. Ni daftari ambalo seva, ile kompyuta kuu, hulitazama kila mtu anapowasha kompyuta: huyu ni nani, ana mashine ipi, aruhusiwe kufungua nini. Ukiwa na tawi linaloweza kuondoka siku moja, unaamua mapema. Unaweza kulitengenezea tawi saraka yake kamili, ziwe mbili zinazoaminiana mpaka siku ya kuachana. Au unawaweka wote kwenye daftari moja, lakini tawi unalitengea kurasa zake, watu wake, mashine zake na mafaili yake, ili siku ikifika uzichomoe bila kuchana za wengine. Njia ya tatu ni kuwachanganya wote na kumwachia Mungu. Fundi yeyote anayejua kazi atakwambia usiifuate njia ya tatu. Mimi kazi nilikuwa naijua, na siandiki hivyo kujisifu. Ningekuwa mjinga ningelala usingizi.

Nilichora mpango kwenye karatasi kubwa ya manila nikaubandika ukutani siku ya mkutano wa bodi. Kushoto niliweka Kayanga, kulia Nkwenda, na katikati nilipiga mstari mwekundu kwa kalamu nene. Niliupenda mchoro ule. Nilikuwa nimeuamkia alfajiri siku tatu mfululizo, nikijua kila akaunti itakaa wapi na kila folda itafuata nani. Wajumbe walisogea kuutazama. Kisha mjumbe mmoja, mzee wa Kilutheri mwenye kahawa nyingi kuliko sisi wote, akavua miwani yake na kuniuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Mwanangu, nani amekufa?"

Kwetu mpaka wa kibanja haupandwi hivi hivi. Tunapanda mlamula, ule mmea wa majani marefu membamba usiokubali kufa hata ukikatwa, na ukishaupanda umetamka jambo ambalo huwezi kulirudisha. Baba hapandi milamula katikati ya kibanja chake wakati wanawe bado wanakula chungu kimoja. Akifanya hivyo, majirani huja kumjulia hali, maana wanadhani amejiona yuko njiani. Baba yangu mwenyewe alifariki bila kupanda hata mmoja. Mimi na kaka yangu hatujasemeshana tangu siku ya arobaini.

"Ukiwatengea kurasa zao umewaonyesha mlango," mjumbe mwingine alisema.

"Watakuja Jumatatu wakute wamewekwa kando," akasema mwenyekiti. "Watasema sisi ndio tuliowafukuza."

Nilijibu kwamba kompyuta haina ukoo wala haivunjiki moyo, kwamba hakuna mtu wa Nkwenda atakayeuona mstari ule, ni mpangilio tu wa ndani ya mashine. Walicheka, si kwa ubaya. Mzee wa Kilutheri akaniambia wao wenyewe wajumbe wataujua, na hilo latosha. Mkurugenzi, yule yule wa kwenye tangi, hakunitetea. Alikuwa anatazama mstari mwekundu kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi mfukoni.

"Changanya," mwenyekiti aliamua. "Familia moja, daftari moja."

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba nililazimishwa. Sikulazimishwa. Ningeweza kwenda ofisini kwangu nikatenga kurasa kimya kimya, na katika chumba kile hapakuwa na mtu wa kunigundua. Lakini mimi ni mtu wa kununa. Nilibandua karatasi yangu ukutani nikaikunja vipande vinne, nikajiambia: mnataka mchanganyiko, basi mtaupata. Nikapanga saraka nzima kwa aina ya kazi. Makarani wote fungu moja, wakaguzi wote fungu moja, madereva, wahasibu, walinzi. Ramani za Kyerwa na za Karagwe nikazitia folda moja, zimepangwa kwa alfabeti ya majina ya wakulima. Ukiifungua usingeweza kujua kwamba shirika lina ofisi mbili. Nilimwonyesha mwenyekiti na akafurahi sana, na mimi nikatoka nimeuma meno, nikijihisi mshindi wa kitu fulani.

Sasa niseme juu ya karani wa ramani.

Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mabira. Wazazi wake walitoka Burundi wakaja kufanya kibarua kwa mzee mmoja mwenye kibanja kikubwa huko, wakamlimia migomba na kahawa, na yeye akazaliwa na kukulia hapo hapo. Lugha yetu, Runyambo, aliijua kunishinda mimi niliyezaliwa nayo. Barua yake ya ajira ilitoka Kayanga, nyumba yake ilikuwa Mabira, siku tatu za juma alikaa kwenye meza ya Nkwenda na mbili alikuwa Kayanga, na kati ya hizo alikuwa juu ya bodaboda amejifunga kitenge puani kwa ajili ya vumbi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kibanja pamoja na mwenyewe na majirani, akihesabu hatua, kisha kukaa chini na kuchora. Majirani wakiweka dole gumba, alileta karatasi ofisini na kuipitisha kwenye skana. "Hatua zangu fupi," alipenda kuwaambia wakulima. "Andikeni pembeni, msije mkadhani kibanja kimekua." Sijaona mtu aliyependwa na wakulima kama yeye. Kila mara alirudi na ndizi, maharage, au chupa ya rubisi, pombe ya ndizi, aliyopewa na yeye hanywi, akaniachia mezani.

Siku moja alikuja na Biblia ya Kirundi iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha karatasi. Akanieleza. Yule mzee mwenye kibanja, alipokwisha kuzeeka, alimwita mama wa karani, akaita na majirani watatu, akamkatia kipande cha kibanja kwa mdomo wake mwenyewe kwa ajili ya miaka yote aliyomlimia. Wakachora, wakatia dole gumba. Mama yake alijenga pale, akafia pale, akazikwa pale chini ya migomba kama anavyozikwa mwenye kwake. Karatasi hii ndiyo pekee iliyosema kwamba pale ni kwao.

"Si ya shirika," alisema kwa haya. "Nikiiweka humo nitakuwa nimekosea?"

"Weka, mama," nilimjibu bila hata kugeuza kiti. "Karatasi inaoza. Humu hakiozi kitu."

Akaipitisha kwenye skana mwenyewe. Nilisikia mashine ikivuma na nikaona ule mwanga ukipita chini ya kifuniko. Sikuinuka kutazama, nilikuwa na shughuli zangu.

Masika yaliyofuata upepo uling'oa bati za upande mmoja wa nyumba yake. Alikuwa kazini, na alipofika jioni Biblia, bahasha na karatasi vilikuwa uji. Aliponisimulia alikuwa anacheka. "Si ipo kwenye kompyuta?" akaniuliza. Nikamwambia ipo. Akauliza kama naweza kumchapia nyingine, nami nikamwambia printa ya Nkwenda imekufa na ile ya Kayanga imebakiwa na wino kidogo, siku ikihitajika tutaichapa, haiendi popote. Nakumbuka vizuri nilivyosema. Nilisema, "Haiendi popote."

Wakati huo huo wakulima walianza kulalamika kwamba ndugu wa majirani zao walioajiriwa ofisini wanachungulia ramani za watu. Bodi ikaagiza zifungwe. Nikazifunga vizuri: kila ramani ilifungwa kwa ufunguo uliokaa ndani ya akaunti ya karani aliyeiingiza, hata mimi msimamizi nikawa naona majina ya mafaili tu. Fundi makini hubaki na ufunguo wa akiba. Nilikuwa nao, ila ulikuwa kwenye seva ya zamani, na radi ikapiga, seva ikaungua nao. Nilitakiwa kutengeneza mwingine. Niliandika kwenye kikaratasi cha njano, nikakibandika pembeni ya skrini, na kikakaa pale mpaka gundi ikaisha kikadondoka nyuma ya meza.

Barua ya Nkwenda ilifika msimu wa senene. Tawi linajitoa, litasajiliwa peke yake, linaomba watu wake, mashine zake na ramani za wakulima wa Kyerwa. Iliandikwa kwa adabu. Mkurugenzi aliisoma mara mbili mbele yangu, akaikunja, akaniambia kila kitu chao kitoke kwenye mtandao wetu ifikapo Ijumaa. Nilimkumbusha ule mpango wa karatasi ya manila. Akasema hakumbuki karatasi yoyote.

Nilifanya kazi ile kwa mikono, jina kwa jina, kwa sababu ya mpangilio wangu mwenyewe wa kununa. Nilikuwa na orodha mbili, moja kutoka kila upande. Aliyekuwa kwenye orodha ya Nkwenda nilimtoa pamoja na ufunguo wake, nikamweka tayari kuhamishwa. Aliyekuwa kwenye orodha ya Kayanga nilimwacha. Asiyekuwa kwenye yoyote, agizo lilikuwa afutwe, maana wengi wao walikuwa watu walioacha kazi zamani na akaunti zao zimebaki kama viatu vya marehemu chini ya kitanda.

Karani wa ramani hakuwemo kwenye yoyote.

Nilimpigia mkurugenzi. "Anakaa wapi?" akauliza. Nikamwambia Mabira. "Mabira ni Kyerwa. Huyo ni wao."

Nikampigia kiongozi wa tawi. "Aliajiriwa na nani?" akauliza. Nikamwambia barua yake ni ya Kayanga. "Basi huyo ni wenu."

Simu ya tatu sikuipiga. Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijua angesema nini: angesema, kwa sauti yake ya taratibu, kwamba yeye atakaa popote atakapoambiwa. Alikuwa ameulizwa yeye ni wa upande gani tangu darasa la kwanza, na sikutaka kuwa mtu mwingine wa kumuuliza. Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Kusema kweli nilikuwa nimechoka, ilikuwa Ijumaa mchana, na agizo lilikuwa wazi. Nikamfuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Na kwa kuwa mashine yake ilikuwa na kibandiko cha Kayanga, na sekretari alikuwa hana mashine, niliifuta nayo yote, nikaiwekea programu upya, nikampelekea sekretari kabla ya saa kumi. Alinishukuru sana.

Ramani za Kyerwa nilizinakili kwenye diski nikampa dereva wa Nkwenda pamoja na kufuli zake. Kila faili liliandikwa lina ukubwa gani, la lini, la nani. Nilihakiki zote zimefika. Nilijipongeza.

Nkwenda wakamchukua hata hivyo, wiki mbili baadaye, kwa sababu bila yeye hakuna aliyeijua njia ya kibanja chochote. Wakaniomba niende kuwajengea saraka yao mpya, na mkurugenzi akaniruhusu ili asionekane ana kinyongo. Nikapita Omurushaka asubuhi, nikafika Nkwenda siku ya soko, barabara imejaa magunia na mikungu. Niliwajengea saraka safi, ile niliyoitaka tangu mwanzo, mpangilio ambao mtu angeweza kuutundika ukutani. Jina lake niliandika la kwanza.

Alikuja amevaa nguo ya kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa. Mikononi alikuwa na barua. Mzee wa Mabira alikuwa amefariki, watoto wake waliokuwa mjini wamerudi, na wamempa barua ya kuhama. Kata imewaita wote wiki ijayo.

"Leo ndiyo siku ya kuichapa," aliniambia.

Kulikuwa na printa mpya kabisa, bado ina nailoni. Akaandika jina lake na neno la siri jipya, akafungua folda, akaliona faili lake: jina la mama yake, na neno "Mabira". Akabofya. Kompyuta ikamwambia hana ruhusa.

Akanigeukia akitabasamu, akidhani amekosea kubonyeza.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua kabla hajabofya, nilipoona ile kufuli ndogo juu ya picha ya faili. Kompyuta haimjui mtu kwa jina. Inamjua kwa namba ndefu inayopewa akaunti siku inapozaliwa, na namba ile haitolewi mara mbili. Nilimwandikia jina lile lile, herufi kwa herufi, lakini kwa mashine huyu alikuwa mtu mwingine aliyejiita vile. Mwenye ufunguo nilikuwa nimemfuta Ijumaa ile mchana.

Nikamwambia. Sikumwambia vizuri; nilianza na radi na seva ya zamani, nikazunguka, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo ipo," alisema, "ila haifunguki."

"Ipo."

"Na haitafunguka."

"Haitafunguka, mama."

Aliikunja barua yake. Kisha akaniuliza kuhusu ramani za wengine, zile zote alizochora. Ndicho kitu cha kwanza alichouliza. Nikamwambia za wengine zitachorwa upya, wenye vibanja wapo na majirani wapo. Akatikisa kichwa kukubali. Hatukuzungumza kuhusu yake, kwa sababu mzee aliyemkatia mama yake kipande kile alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla.

Nilirudi Kayanga nikamnyang'anya sekretari ile mashine ya karani, labda nakala ya ufunguo ilibaki humo. Nilihangaika nayo siku nne kwa programu za kufukua vilivyofutwa. Nikapata picha za kipaimara za wanawe, barua za likizo, na nyimbo. Ufunguo sikuupata. Nakala zangu za akiba zilikuwepo, zimepangwa vizuri, zote nakala za mafaili yaliyofungwa. Siku ya tano nilifunga mlango wa ofisi nikalia, mtu mzima, mchana kweupe, na mlinzi akaja kugonga kuuliza kama nimepata msiba.

Alinipigia simu mara moja tu. Alikuwa na ombi: nimchapie ule ukurasa wa orodha ya mafaili, mahali panapoonyesha jina la mama yake na tarehe. Nilimwambia haitasaidia. Akasema anajua, ila hawezi kwenda mikono mitupu. Nikamchapia mstari mmoja katikati ya karatasi nyeupe, nikampelekea mwenyewe kwa pikipiki mpaka ofisi ya kata, Mabira, na nikakaa kuwa shahidi wake.

Watoto wa mzee walikuwa wawili, watu wastaarabu, na mmoja aliniamkia. Walisema mama wa karani alipewa mahali pa kukaa, kama kibarua yeyote wa siku zile, hakupewa ardhi. Kaburi? Kaburi baba yao aliruhusu kwa huruma. Kati ya majirani watatu walioshuhudia, wawili walikuwa marehemu, na wa tatu, ambaye siku hizi anawalimia hao hao watoto, alisema ni zamani mno hakumbuki. Alisema akitazama miguu yake.

Mwenyekiti wa baraza la kata alipokea karatasi yangu. Aliusoma ule mstari mmoja. Akaigeuza upande wa pili akitafuta mchoro, akaigeuza tena.

"Ndiyo hii tu?"

Nikasimama nikaeleza. Nilieleza saraka, akaunti, ufunguo, namba. Wazee wa baraza walinivumilia. Nilipomaliza mwenyekiti akaniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali la haki.

"Fundi, wewe huo mchoro uliuona kwa macho yako?"

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye ile skana. Ningegeuza kiti tu. Nilimtazama karani na yeye akanitazama, na usoni pake hapakuwa na ombi lolote, na nadhani kama lingekuwepo ningedanganya. Ningeapa kwa Biblia. Nasema hivi sasa nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu, ningedanganya.

"Niliona mwanga wa mashine," nilisema. "Mchoro sikuuona."

"Kaa, baba," mwenyekiti akasema kwa upole.

Baraza siku hizi kazi yake ni kupatanisha, na asiyeridhika anakwenda baraza la wilaya. Walimweleza hivyo. Akauliza kama huko wilayani watadai karatasi. Wakamwambia huko ndiko watakakoidai zaidi. Basi akapatana: atavuna kahawa ya msimu ule, kisha atahama. Nyumba aibomoe, achukue bati na mbao. Kaburi la mama yake libaki pale pale, na watoto wa mzee, mbele ya mashahidi, wakaahidi hawataligusa. Akaweka dole gumba. Ofisi ya kata ilikuwa na karani hodari. Aliandika nakala tatu, akazigonga mhuri, na mimi nikashuhudia mpaka wino ukauka.

Sasa anakaa Kimuli, kwenye chumba cha uani kwa mdogo wake. Bado anachora ramani za watu. Tawi limemsifu kwenye mkutano mkuu, limempa kanga. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi na mkurugenzi akanirudishia, akasema nisijitese, mitambo huharibika. Nikabaki. Nawashauri watu wa ofisi nyingine sasa, wananiita wakiwa na matawi yenye manung'uniko, na nawachorea mistari myekundu minene, na wakikataa nainuka naondoka. Haiponyi kitu. Kabla ya kufunga akaunti ya mtu, hata ya mlinzi aliyestaafu, nampigia mwenyewe simu. Sidhani kama nitaacha, na sijui kwa nini niache.

Mwezi uliopita aliniomba nimpeleke Mabira kwa pikipiki, akapalilie kaburi. Alikuwa amebeba jembe dogo na maua ya plastiki. Tuliiacha pikipiki barabarani. Mahali pa nyumba yake pamepandwa maharage, yamestawi. Tuliposimama penye njia ya kuingilia, kaburi lilionekana katikati ya migomba, majani yamelifunika nusu, si mbali, mtu angeweza kurusha jiwe likafika. Nilianza kutembea. Akanishika mkono akanirudisha.

"Hodi," aliita.

Palikuwa kimya. Akaita tena, kwa sauti kidogo. Akatokea mwanamke kijana, mke wa mmoja wa wale ndugu bila shaka, ameshika beseni la nguo. Alikuwa mgeni kijijini, hakutujua.

"Karibuni. Nyie ni nani?"

Mimi nilingoja ajibu yeye. Alilitazama kaburi, akamtazama yule mwanamke, akahamisha jembe kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Wageni," akasema. "Wageni tu, mwanangu."